Hogo limetolewa, sasa unakanyagaje? Kurudisha mguu chini baada ya kuvunjika au kuumia unyayo

Hapa Moshi mtu akitolewa hogo, ile plasta ngumu ya POP, anaambiwa mfupa umeunga anza kukanyaga taratibu, basi, nje foleni ni ndefu na dokta ana wengine wanamsubiri, mtu anapanda bajaji anarudi nyumbani hajui aanze na uzito kiasi gani wala aongeze lini. Mmoja kesho yake yuko shambani Kibosho anakata majani ya ng'ombe na jioni mguu umevimba hauingii kwenye kiatu. Mwingine anaogopa, miezi inapita bado yuko na magongo mawili na unyayo haugusi chini, kigimbi kimeisha, kifundo kimekakamaa, na sasa shida yake sio mfupa tena ni misuli. Nimeuguza watu wa aina zote mbili, ndugu na majirani, na wote wanaumia kwa sababu moja, hawana kipimo. Kipimo kipo na ni cha bure: asubuhi ya kesho yake. Ulichokanyaga leo, mguu utakujibu kesho ukiamka. Ntaeleza.

Kwanza kabisa kama umeumia juzi tu na bado unajiuliza uende hospitali au ukandwe. Kuna kanuni ya madokta wa Ottawa kule Kanada, wameitoa 1992 na inatumika dunia nzima: kama huwezi kupiga hatua 4 (hata za kuchechemea), au ukibonyeza kwa kidole unaumia sana kwenye mfupa wa kifundo upande wa nyuma, au kwenye ule mfupa uliojitokeza katikati ya unyayo upande wa nje, au ule wa upande wa ndani mbele ya kifundo, nenda kapige eksirei. Usikubali kukandwa na maji ya moto siku ya kwanza, joto linaongeza uvimbe, na mtu akivuta vuta mfupa uliovunjika anausogeza kutoka mahali pake. Najua wazee wetu wanaounga mifupa wanaheshimika na wana nia njema ila bila eksirei hakuna mkono unaoweza kuona mfupa wa ndani ya unyayo, kila unyayo una mifupa 26 na mingine ni midogo sana. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, mguu juu ya mito uwe juu kuliko moyo, halafu hospitali.

Halafu ujue umevunjika nini, kwa jina na mahali, omba dokta akuonyeshe kwenye picha. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani maana jirani yako aliyekanyaga wiki ya pili hakuumia ulipoumia wewe. Kidole kilichovunjika kinafungwa na mwenzake na unatembea mapema na kiatu cha soli ngumu. Mfupa wa tano wa unyayo, ule wa upande wa kidole kidogo, ukikatika pale mwisho kabisa kwa nyuma mara nyingi unaruhusiwa kukanyaga kadiri unavyovumilia, lakini ukikatika mbele yake kidogo tu ni habari nyingine kabisa, pale damu inafika kidogo, unapona kwa shida, na wengi wanakaa wiki 6 hadi 8 bila kukanyaga. (Mvunjiko huo unaitwa wa Jones, dokta Robert Jones wa Uingereza aliuelezea 1902 baada ya yeye mwenyewe kuumia akicheza dansi.) Viungo vya katikati ya unyayo vikiachana, ile wanaita Lisfranc, mara nyingi ni upasuaji na kukaa muda mrefu bila kukanyaga. Na kisigino, ambacho huku kwetu kinavunjika mtu akidondoka kwenye mparachichi au kwenye jukwaa la ujenzi, kinaweza kuchukua wiki 6 hadi 12 kabla ya kubeba uzito, na aliyedondokea visigino apimwe na mgongo pia, usiache hilo. Kuteguka kifundo bila kuvunjika ni kinyume chake, huko kukaa sana bila kukanyaga ndio kunachelewesha.

Kwahiyo swali la kumuuliza dokta kabla hujatoka chumbani ni hili: niguse tu, nikanyage robo, nikanyage nusu, au nikanyage kadiri ninavyoweza? Na hadi lini? Mwambie aandike kwenye kadi.

Ukiwa bado na hogo kazi ni ndogo lakini ifanye kila siku. Chezesha vidole, kaza paja, nyoosha goti, mguu juu. Usichokonoe muwasho na peni wala sindano ya kufumia, kidonda kikitokea ndani huwezi kukiona. Maji yasiingie, mifuko ya rambo ilipigwa marufuku toka Juni 2019 kwahiyo watu wanatumia nailoni nzito zile zinazofungia magodoro, sawa tu, ila funga juu ya goti na bado uutoe mguu nje ya beseni. Vidole vikiwa vya bluu, vya baridi, vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi tu hata baada ya dawa na kuinua mguu, rudi hospitali usiku huo huo, usisubiri asubuhi.

Magongo sasa. Wengi wanaazima ya ndugu aliyepona na hawayapimi. Simama wima, kati ya kichwa cha gongo na kwapa viingie vidole viwili au vitatu, na kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono ukiuning'iniza, ili ukikishika kiwiko kikunjike kidogo, sio mkono umenyooka kabisa. Uzito unakaa kwenye viganja, SIO kwapani, ukining'inia kwapani unabana mishipa ya fahamu na mkono unaanza kufa ganzi. Kama ni ya mbao ya fundi seremala anaweza kuyakata, hakikisha tu chini yana mpira, na mpira ukiisha badilisha maana sakafu ya saruji iliyomwagika maji inateleza vibaya mno. Masika ya Machi hadi Mei ni mtihani kwa mtu wa magongo, njia zetu za kwenda juu ni tope tupu, kama unaweza kaa kwa ndugu aliye karibu na lami msimu huo, mi naona hakuna aibu yoyote hapo. Ngazi: mguu mzima unatangulia kupanda, mguu mbovu unatangulia kushuka, magongo yanakwenda na mguu mbovu. Bodaboda achana nayo, mguu unaning'inia upande wa magari na akipiga breki utaukanyagia tu bila kutaka. Bajaji, kaa nyuma unyooshe mguu kwenye kiti.

Siku ya kutolewa hogo. Ile mashine inapiga kelele sana lakini inatetemeka tu haizunguki, haikati ngozi kirahisi. Utakachokiona chini hakipendezi, mguu mwembamba, ngozi inabanduka magamba, vinyweleo, na ukiushusha unajaa damu unakuwa mwekundu au zambarau na unawaka. Hiyo ni kawaida, mishipa imesahau kazi, itapungua wiki kwa wiki. Osha na maji ya uvuguvugu, paka mafuta, usisugue na dodoki wala jiwe. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea miezi 3 hadi 6 na hata zaidi na mfupa ukiwa umepona vizuri kabisa, kwahiyo usikate tamaa kwa sababu ya uvimbe peke yake.

Wiki mbili tatu za kwanza mfupa uliovunjika unakuwa umeshikwa na gegedu laini, wiki ya 6 hadi 8 hivi ndio unakuwa mgumu wa kuanza kubeba, na baada ya hapo unaendelea kujijenga miezi mingi. Na unajijenga kwa kubebeshwa, hapo ndipo watu wa kundi la woga wanapokosea, mfupa usiobebeshwa kitu unazidi kuwa dhaifu. Dawa yake ni uzito, kidogo kidogo, na ndio maana unahitaji mizani.

Tafuta mizani ya kukanyaga, ile ya kupimia uzito wa watu, azima popote. Iweke sakafuni, pembeni yake weka ubao au vitabu vyenye kimo sawa na mizani ili mguu mzima usimame juu ya hivyo. Shika magongo yote mawili au migongo ya viti viwili vizito. Weka mguu mbovu kwenye mizani, unyayo wote, kisigino na vidole, na uanze kusukuma uzito polepole huku ukiangalia namba. Tuseme una kilo 70. Robo ni kilo 17 hivi, nusu ni 35, robo tatu ni 52. Kama umeambiwa robo, sukuma hadi 17, shikilia kidogo, rudisha, rudia mara kumi hadi mguu wenyewe ujue kilo 17 zinaonekanaje bila kuangalia chini. Halafu tembea na magongo ukitafuta hisia ile ile, magongo mbele, mguu mbovu kati kati yake, mguu mzima unafuata. Kama umeambiwa kugusa tu, kanyaga kana kwamba kuna yai chini ya unyayo na hutaki livunjike. Utashangaa jinsi watu wanavyokosea kukadiria, mama mmoja jirani alikuwa na uhakika anakanyaga nusu kumbe mizani ilikuwa inasoma kilo 8, na kijana wa nyumba ya pili aliyeambiwa robo alikuwa anaweka karibu uzito wote.

Sasa asubuhi ya kesho yake. Wakati unakanyaga, maumivu ukiyapa namba toka 0 hadi 10, mpaka 3 endelea, 4 kuwa makini, 5 na kuendelea punguza uzito hapo hapo. Usiku ulale. Asubuhi kabla hujafanya kitu angalia: maumivu yamerudi yalipokuwa jana asubuhi? Uvimbe umeshuka? Kama ndio, kiasi kile ni chako, kirudie siku mbili tatu kisha ongeza. Kama mguu umeamka umevimba na unauma kuliko jana, haujaharibika, ila uzito ulikuwa mwingi au matembezi yalikuwa marefu, rudi hatua moja nyuma siku mbili halafu jaribu tena. Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati, ama uzito, ama umbali, ama mlima, sio vyote. Na jamani usimeze dawa ya maumivu ili uweze kutembea zaidi, unazima kengele yenyewe unayoitegemea. Dawa meza ili ulale.

Wenye kisukari hii ya maumivu haiwahusu, na naisema kwa nguvu kwa sababu huku tunao wengi na hawaambiwi. Kisukari kinaua hisia za miguu, unaweza ukakanyaga mfupa uliovunjika na usisikie kitu. Wewe kipimo chako ni macho na mgongo wa kiganja: gusa miguu yote miwili kila asubuhi na jioni, kama mbovu una joto kuliko mwenzake, au ni mwekundu, au umevimba hata kama hauumi hata kidogo, acha kukanyaga uende kliniki siku hiyo.

Mazoezi yanaenda sambamba na mizani. Ukiwa umekaa, andika herufi zote hewani kwa kidole gumba cha mguu, mara kadhaa kwa siku, hasa asubuhi za Juni na Julai zile za baridi mguu unapoamka umekaza. Tandaza kanga sakafuni uikunje kwa vidole vya mguu hadi yote iishie chini ya unyayo. Zungushia kanga hiyo hiyo kwenye unyayo ukiwa umenyoosha goti, vuta kuja kwako, kigimbi kivutike nusu dakika, achia, rudia. Ukisharuhusiwa uzito wote anza kuinua visigino umeshika meza, kwanza miguu yote miwili, baadaye panda na miwili ushuke na mbovu peke yake polepole. Na kusimama mguu mmoja karibu na ukuta, lengo sekunde 30, ukiweza macho wazi jaribu kufumba. Hili la kusimama watu wanaliruka na ndilo linalozuia kuteguka tena kwenye kokoto.

Gongo moja linakuja pale unapotembea na mawili bila kuchechemea. Linashikwa mkono wa upande wa mguu MZIMA. Karibu kila mtu analishika upande mbovu kwa sababu anaona ndio unahitaji msaada, lakini tunapotembea mkono na mguu wa upande wa pili vinakwenda pamoja, gongo likiwa upande ule linapokea uzito kwa wakati unaotakiwa, likiwa upande mbovu linakulaza na unajifunza kuchechemea, na kuchechemea kukishazoeleka kunahamia kwenye nyonga na kiuno. Bora utembee hatua chache zilizonyooka na gongo kuliko kwenda mbali bila gongo ukichechemea.

Choo. Hakuna kijitabu kinachozungumzia choo cha kuchuchumaa na kumbe ndio mahali watu wanapojiumiza. Kuchuchumaa kunakunja kifundo hadi mwisho wake na kuweka uzito wote mbele ya unyayo, hakuna kitu kigumu zaidi nyumbani kwa mguu uliotoka kwenye hogo. Chukua kiti cha plastiki kikate tundu katikati, au fundi akugongee stuli ya mbao yenye tundu, weka juu ya choo, na funga kamba au ubao ukutani wa kujishikia kunyanyuka. Utajuaje uko tayari kuchuchumaa tena? Simama ukitazama ukuta, vidole vya mguu mzima viwe mbali kidogo na ukuta, peleka goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, sogea nyuma hadi unapofika mwisho, weka alama. Fanya hivyo na mguu mbovu. Tofauti ikibaki ndogo, upana wa kidole kimoja hivi, jaribu ukiwa umeshika kitu. Hiyo hiyo kwa wanaopiga magoti kanisani na wanaosujudu, vidole vikikunjwa chini pale vinabeba sana, sali umekaa kwenye kiti hadi viwe tayari, ruhusa ipo.

Viatu: soli ngumu isiyokunjika katikati na kisigino kilichoshikwa. Ndala hapana, vidole vinajikunja kuishikilia na mguu unachoka. Katambuga soli yake ni nzuri ila nyuma haishiki. Raba za mtumba za soko la Memorial zinatosha kabisa, chagua kwa kuikunja kwa mikono, ikikunjika kwenye vidole tu ndio yenyewe, ikikunjika katikati iache. Kama umepewa buti la kutembelea linalokunyanyua upande mmoja, kiatu cha pili kiwe na soli nene, la sivyo kiuno kitakusumbua. Na kama unyayo umepona ukiwa umelala bapa au unauma sehemu moja, hospitali ya KCMC hapa Moshi pale pale ipo TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa vifaa vya viungo toka 1981, na hospitali ina watu wa fizio (tiba ya mazoezi ya viungo), uliza kuhusu soli ya kuweka ndani. Walioko Arusha waanzie hospitali ya Mount Meru, waombe rufaa ya fizio kwa jina, wengi hawaandikiwi kwa sababu hawakuuliza.

Mizigo inahesabika kwenye mguu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya uzito wako, mtoto mgongoni vile vile. Mtu aliyefika robo tatu akabeba ndoo amesharuka hatua bila kujua. Ukiwa kwenye magongo tumia begi la mgongoni, chai iwe kwenye chupa iliyofungwa. Mlima pia, tambarare kwanza, barabara za Shanty Town asubuhi zina kivuli na hazina msongamano. Baada ya hapo panda kwa miguu ushuke kwa gari, maana kupanda kunavuta kifundo lakini kushuka kunagonga mbele ya unyayo kila hatua, kushuka ndio kuwe mwisho.

Chakula nitapita haraka. Supu ya kongoro ni tamu na inatia nguvu lakini usiitegemee kwa madini ya mfupa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao na maziwa ndio yenyewe, pamoja na mayai, maharage, mboga za majani, na jua. Mtori wenye nyama uendelee. Sigara inachelewesha mfupa kuunga, hilo halina mjadala, na pombe nayo, achilia mbali kuanguka na magongo usiku.

Mambo ya kukimbilia hospitali bila kusubiri asubuhi yoyote: kigimbi kimevimba upande mmoja, kinauma na kina joto, hiyo inaweza kuwa damu imeganda, na ukianza kukosa pumzi au kifua kuchoma ni dharura. Kidonda cha upasuaji kinatoa usaha au una homa. Mlio wa "ka" na maumivu ya ghafla ukikanyaga. Na maumivu ya sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole yanayozidi kila siku, hasa kwa wapagazi na wakimbiaji, huo unaweza kuwa ufa mpya.

Kurudi kazini mlimani au kukimbia: usirudi hadi utembee nusu saa kwa haraka bila kuchechemea na asubuhi iwe safi, uinue kisigino cha mguu mbovu peke yake mara nyingi karibu sawa na mzima, na uruke ruke kwa mguu huo bila hofu. Wakimbiaji wanaolenga Kilimanjaro Marathon ya kila Februari mwishoni, anza dakika moja kukimbia mbili kutembea, siku moja ndio siku moja hapana. Mpagazi, mzigo unaoruhusiwa ni kilo 20, anza na begi la kilo 5 mtaani, ongeza 5 kila wiki asubuhi zikiwa nzuri, na mazoezi ya kushuka nayo ufanye huku chini kabla hujaikubali safari ya Kilimanjaro inayoshukia njia ya Mweka. Dereva ambaye mguu wake ni wa kulia, kaa kwenye gari lililozimwa, kanyaga breki kwa nguvu zote ghafla mara kadhaa, ukisita hata kidogo kwa maumivu bado hujawa tayari kuingia barabarani, na muulize dokta wako kabla ya kuwasha.